Sifa za Kununuliwa: Mashindano ya Hadaa na Wajibu wa Mhakiki

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Wahenga walionena hivyo hawakuwa na tuzo za fasihi akilini, lakini kauli yao inaieleza barabara aina moja ya tuzo ambayo humfuata mwandishi chipukizi hadi mlangoni pake. Barua humjia ikimwita mshairi mwenye kipaji adimu na kumwarifu kuwa utungo wake umeteuliwa miongoni mwa maelfu. Baada ya sifa hizo hufuata bei.

Mfano ulio bayana ni wa kampuni moja ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1982, ikawa na makao yake katika jimbo la Maryland, na kujulikana kwanza kama National Library of Poetry, kisha International Library of Poetry. Kampuni hiyo ilitangaza mashindano ya ushairi yasiyotoza ada. Washiriki kwa wingi waliarifiwa kuwa wamefika nusu fainali na kwamba mashairi yao yangechapishwa katika mkusanyo wa fahari. Mshiriki hakulazimishwa kununua chochote. Hata hivyo, mkusanyo wenyewe uliuzwa kwa takriban dola 50. Maelezo mafupi ya maisha yake yalichapishwa kwa malipo ya ziada. Kibao cha ukumbusho kilikuwa na bei yake. Na kongamano aliloalikwa kupokea heshima liligharimu mamia ya dola. Ndani ya kitabu mashairi yalibanwa, mengi katika ukurasa mmoja, na wanunuzi walikuwa hasa watunzi wenyewe na jamaa zao. Mwaka 2009 tovuti ya kampuni hiyo, poetry.com, iliuzwa.

Ifahamike kwamba baadhi ya watunzi walioshuku mambo walitunga upuuzi kwa makusudi, wakaupeleka, nao ukasifiwa kama tungo nyingine zote. Mzaha huo ndio uliozaa shindano la Wergle Flomp, shindano la ushairi wa kuchekesha lisilo na ada, lililoanzishwa na Winning Writers mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa mhakiki, jaribio hilo lina uzito kuliko kichekesho chake. Lilithibitisha kuwa hakimu asiyeweza kuukataa utungo wowote hajausoma hata mmoja.

Haifai kukata shauri kuwa mashindano yenyewe ndiyo mabaya. Ushairi wa Kiswahili umekulia katika kujibizana. Muyaka bin Haji wa Mombasa asingekuwa Muyaka bila mahasimu wa kumjibu. Katika nathari, Muhammed Said Abdulla aliibuka mshindi wa shindano la hadithi la East African Literature Bureau la mwaka 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotoka mwaka 1960 na kumtambulisha Bwana Msa kwa wasomaji. Tuzo ya Kiswahili iliyoasisiwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell imeyafuata mapito hayo. Katika mifano hii fedha hutoka kwa mwenye shindano kumwendea mwandishi, na mwisho wa safari yupo msomaji asiyekuwa ndugu yake.

Dalili za hadaa, basi, zinatambulika. Ada peke yake si ushahidi, kwani yapo majarida yanayoitoza ili kuwalipa waamuzi. La kutiliwa shaka ni shindano lisilotaja waamuzi wake kwa majina, ambalo kazi za washindi wake waliotangulia hazionekani popote, na ambalo humdai mshindi malipo kabla hajakabidhiwa tuzo. Aidha, masharti yasomwe hadi mwisho. Yapo yanayochukua haki za kila kazi iliyowasilishwa, hata iliyoshindwa. Kwa kuwa Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 hutaka uhamisho wa hakimiliki ufanywe kwa maandishi na kutiwa saini, mwandishi asiharakishe kuitoa saini yake.

Linalosalia ni swali gumu zaidi: kwa nini watu werevu, wakiwemo wanafunzi wa fasihi, hunaswa? Aliyeibiwa mkoba hupiga kelele. Aliyenunua sifa hunyamaza. Akilalamika, itambidi akiri kuwa hakuna aliyelisifu shairi lake, na kukiri huko humuuma kuliko fedha alizopoteza. Kwa hiyo kitabu hubaki rafuni, na wageni huonyeshwa.

Hapa ndipo lawama inapoigeukia idara ya fasihi yenyewe. Mwanafunzi hufundishwa kuchambua tungo za wakongwe kwa miaka mitatu au minne, na muswada wake ukikaa mezani pa mhadhiri muhula mzima bila kufunguliwa, barua ya kwanza inayodai kuwa umesomwa itapokelewa kama maji jangwani. Matapeli huuza kitu ambacho wahakiki walipaswa kukitoa bure. Mhakiki anayesoma shairi la mwanafunzi, akamwonyesha ubeti uliopinda mizani na mshororo mmoja ulio hai, humwachia kipimo. Akishakuwa nacho, mwanafunzi huyo ataipokea barua ya sifa na kuuliza ni mshororo upi hasa uliowapendeza waamuzi. Barua za aina hiyo hazina jibu la swali hilo.