Idi ya Java: siku ya kuombana radhi

Mpenzi msomaji, ikiwa umewahi kupigania kiti katika kituo cha mabasi jijini Nairobi siku mbili kabla ya Krismasi, nauli imepanda maradufu na mzigo wako umetupwa juu ya paa la gari, basi huna haja ya kufundishwa maana ya neno mudik. Hilo ni neno la Waindonesia, na maana yake ni kurudi kwenu kwa ajili ya sikukuu. Wao hurudi wakati wa Idi. Lakini safari yao ina jambo moja ambalo sisi, pamoja na mikate na sukari tunayobeba, hatulibebi.

Nililiona jambo hilo mwaka wa 2022. Rafiki yangu mmoja, mwanamke niliyefahamiana naye katika mafunzo ya kazi, alinialika nikale Idi kwao. Yeye hufanya kazi Jakarta, lakini wazazi wake ni watu wa kijiji kimoja nje ya mji wa Yogyakarta, katika kisiwa hicho hicho cha Java. Indonesia ina Waislamu zaidi ya milioni 200, na Idi huko huitwa Idul Fitri au, katika mazungumzo ya kila siku, Lebaran.

Mwaka huo haukuwa wa kawaida. Mnamo 2020 na 2021 serikali yao ilikuwa imepiga marufuku safari za Idi kwa sababu ya ugonjwa wa korona. Ziliporuhusiwa tena, ilikadiriwa kwamba watu zaidi ya milioni 80 wangekwenda makwao. Hebu fikiri: hao ni wengi kuliko Wakenya wote, na kila mmoja anataka kufika kabla ya mwezi kuandama!

Kutoka Jakarta hadi Yogyakarta ni kama kutoka Nairobi hadi Mombasa. Sisi tulitumia saa 19 kwa gari. Kando yetu pikipiki zilipita kwa mamia, baba mbele, mama nyuma, mtoto katikati, na katoni ya zawadi imefungwa kwa kamba. Jua lilipotua, watu waliokuwa wamefunga walipitishiana maji na tende madirishani, ilhali magari yamesimama tuli. Sikumsikia mtu akigombana.

Wafanyakazi wenzangu watapenda kusikia haya pia. Huko sheria inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi malipo ya sikukuu, na kwa aliyetimiza mwaka mzima kazini, malipo hayo ni mshahara wa mwezi mmoja. Ni lazima yatolewe angalau siku saba kabla ya sikukuu. Ndiyo maana hata mlinzi wa lango hurudi kwao akiwa na kitu mkononi.

Lugha nayo ilinistaajabisha. Mtu akikusalimu husema, "Apa kabar?" Hiyo kabar ni habari yetu. Karatasi kwao ni kertas, wakati ni waktu, na dunia ni dunia. Kiarabu kilipita kwao kama kilivyopita pwani ya Afrika Mashariki, kikaacha maneno yale yale. Mama wa rafiki yangu alicheka sana aliposikia mgeni kutoka Afrika akiyatambua.

Jumapili usiku, tarehe 1 Mei, ilipotangazwa kwamba kesho yake ni Idi, ngoma kubwa za misikiti zilianza kulia na takbiri zikasikika hadi usiku wa manane. Asubuhi watu walimiminika uwanjani kuswali, wanawake wakiwa wamejitanda nguo nyeupe. Wengi walitandika magazeti kwenye nyasi zenye umande kabla ya kuweka mkeka wa kuswalia. Mimi ni Mkristo, kwa hiyo nilisimama kando nikitazama, na nikafurahi kuona kuwa gazeti la jana bado lina kazi.

Tuliporudi nyumbani nilidhani tungekula mara moja. Harufu ya kuku wa tui la nazi ilikuwa imejaa nyumba nzima, na wali uliopikwa ndani ya vifuko vilivyosukwa kwa majani machanga ya mnazi ulikuwa tayari mezani. La hasha! Chakula kilingoja. Mama aliketi kitini sebuleni, na watoto wake, wote watu wazima wenye kazi na familia, wakajipanga kuanzia kifungua mimba hadi kitinda mimba. Mmoja mmoja alipiga magoti, akainamisha kichwa magotini pa mama, akaomba radhi.

Maneno wanayotumia ni "Mohon maaf lahir dan batin." Lahir na batin ndiyo dhahiri na batini yetu. Yaani, nisamehe makosa yaliyoonekana na yale yaliyofichika moyoni. Naye mama hakunyamaza kama hakimu. Alimwombea kila mmoja heri, kisha akamwomba mwanawe naye amsamehe. Baada ya hapo ndugu waliombana wao kwa wao, halafu majirani wakaanza kuingia, na watoto wakapewa noti mpya katika bahasha ndogo, kama watoto wa Mombasa wapewavyo mkono wa Idi.

Kiti kilichokuwa kando ya mama kilikuwa kitupu. Baba mwenye nyumba alifariki Julai 2021, wakati korona ilipokuwa imepamba moto nchini humo. Rafiki yangu alikuwa Jakarta na njia zimefungwa, kwa hiyo hakuweza kumzika baba yake. Siku ile ya Idi ndipo alipofika kaburini kwa mara ya kwanza. Alinyunyiza maua, akaomba dua, akalia kwa muda mrefu, nasi tukamwacha alie.

Tulipokuwa tukirudi kwa miguu aliniambia maneno ambayo sijayasahau. Idi ya Mei 2021, miezi miwili kabla ya kifo hicho, alimpigia baba yake simu akamwomba radhi kama desturi. Baba alimsamehe, naye akamwomba binti yake amsamehe. "Kumzika sikumzika," alisema, "lakini hakuna neno lililobaki kati yetu."

Ndugu msomaji, hapo ndipo nilipoielewa mila hii. Haimngoji mtu akosane na mwenzake. Haiulizi nani alianza. Siku imewekwa, kila mtu anaomba na kila mtu anaombwa, kwa hiyo hakuna anayeona haya wala anayejiona ameshindwa. Sisi nasi twajua uzito wa radhi za wazazi, lakini mara nyingi twangoja mzee alazwe hospitalini ndipo tukusanyike kitandani pake, au twangoja matanga ndipo ndugu wawili wasiosemezana kwa sababu ya shamba walazimishwe kusalimiana mbele ya watu. Wakati huo mwenye kusamehe huwa hasikii tena.

Si lazima uwe Mwislamu, wala si lazima upige magoti kama watu wa Java. Desemba ikija, utakwenda mashambani na mafuta ya kupikia, unga wa ngano na leso ya mama. Vipeleke, maana mkono mtupu haulambwi. Lakini kabla ya kuku kuteremshwa mekoni, mwite mzazi wako kando, au ndugu yako ambaye hamjaongea tangu mwaka juzi, umwambie maneno haya machache: kama kuna nililokukosea, la wazi au la siri, niwie radhi. Hayahitaji nauli. Na ikiwa mwaka huu hutaweza kusafiri, simu unayo.