Dagaa Wasiohesabika

Nyakitonto iko juu, ziwa liko mbali huko bondeni. Kutoka kwetu hadi Kasulu mjini ni safari, na kutoka Kasulu hadi Kigoma ni nyingine ya karibu kilomita mia. Samaki aliyefika nyumbani kwetu miaka ya themanini alikuwa ameshaanikwa, ameshafungwa guniani, ameshapanda na kushuka malori. Samaki huyo alikuwa dagaa. Mgebuka mkavu tulimwona kwenye sikukuu, au alipokuja rafiki wa baba kutoka Ujiji.

Nyumba ilikuwa na watoto saba, baba, mama, bibi mzaa baba, na karibu kila mara mtu wa ziada: shangazi aliyekuja kujifungua, binamu anayesoma, mpita njia aliyekutwa na mvua. Dagaa waliopimwa sokoni kwa ajili ya watu wote hao walijaa kikombe kimoja cha bati. Kwa kikombe hicho mama alipitisha wiki.

Hakuwapika wazima. Aliwachambua kwenye ungo, akatoa vijiti na kokoto, akawaweka kwenye chungu kikavu juu ya moto mdogo bila tone la mafuta. Aliwageuza kwa mwiko polepole mpaka wakaanza kulia kwa kukauka na harufu ikafika kwa majirani. Hapo aliwamimina kwenye kinu kidogo, kile cha karanga, si kile kikubwa cha muhogo. Alitwanga kwa mapigo mafupi, huku mkono wa kushoto umefunika mdomo wa kinu ili vumbi lisipotee. Kilichotoka kilikuwa unga wa rangi ya majivu, ukimeta kwa magamba. Akauhifadhi kwenye kopo tupu la Blue Band, na kopo akaliweka juu ya dari, karibu na moshi, mahali ambapo mtoto hafiki.

Unga huo uliingia kila mahali. Maharage yakikaribia kuiva, vijiko viwili. Kisamvu kikishatwangwa na kuchemka muda mrefu hadi sumu yake itoke, vijiko vitatu, pamoja na karanga na mawese kama yapo. Lengalenga zilipata kijiko kimoja. Mvua za kwanza zilipotuletea uyoga kutoka msituni, hakutia kitu. Alisema uyoga una nyama yake.

Siku moja nilimuuliza kwa nini sisi hatuli dagaa wazima kama kwa mwalimu. Alijibu bila kuinua uso: "Mwanangu, dagaa mzima ana mwenyewe. Dagaa wa unga ni wa nyumba nzima."

Nilimwelewa baada ya miaka. Samaki anayeonekana huhesabiwa, na akihesabiwa hugawanywa kwa cheo. Baba atapata wengi, kaka mkubwa atafuata, na bibi aliyeng'oka meno ataachiwa mchuzi. Unga haukuwa na cheo. Kila tonge lililochovywa lilitoka na samaki wake, na bibi alikula sawasawa na baba. Faida nyingine sikuifahamu wakati huo: dagaa mzima akisagwa, mifupa na kichwa vyote huliwa, na ndimo yalimo madini ya kujenga mifupa ya mtoto. Mama hakusoma hayo popote. Yeye alichukia tu kuona kitu kinatupwa.

Mama alijua pia habari za mwezi kuliko baba, ingawa hajawahi kupanda mtumbwi. Wavuvi wa Tanganyika huvua dagaa usiku kwa taa, zamani karabai, siku hizi taa za sola. Dagaa huifuata taa palipo na giza tu. Mbalamwezi ikitawala, taa haina nguvu, mitumbwi hupumzika, na bei sokoni hupanda. Kwa hiyo kopo letu lilijazwa wakati wa giza, na mwezi mpevu ulimkuta mama hana shida na mchuuzi yeyote.

Mambo yaligeuka katikati ya miaka ya tisini. Mwaka 1993 Warundi walimiminika kukimbia mauaji, na mwishoni mwa 1996 wakaja Wakongo, wengi wao Wabembe kutoka pande za Fizi, wakawekwa Nyarugusu, jirani na Makere. Eneo letu la mihogo na maharage likawa ghafla la watu wengi, malori na pesa. Vijana wetu walipata vibarua, mashirika yakaajiri walinzi na wapishi. Mafuta ya kula ya msaada yalivuka uzio wa kambi na kuuzwa kwa bei ambayo hatukuwahi kuiona. Vitunguu na nyanya vilijaa sokoni. Mabasi yalisindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi, lakini yalijaa.

Mafuta yalipokuwepo, dagaa wakaanza kukaangwa. Kina mama lishe wa barabarani waliwapika wazima, wekundu kwa nyanya, juu ya ugali mweupe wa sembe, na mteja aliwaona kabla hajakaa. Nami nilipoolewa nilipika hivyohivyo. Sitadanganya: dagaa wa Kigoma aliyekaangwa akakauka, na kitunguu kilichoanza kuungua pembeni, hana mpinzani. Lakini kikombe kile cha wiki nzima kiliisha kwa mlo mmoja, na watoto wangu wakajifunza kuhesabu. "Mama, Juma amepata tisa." Kinu kidogo kikageuka kigoda cha kuku kulala.

Aliyenishangaza ni mama mmoja wa Kibembe tuliyekuwa tukiuziana mboga. Mgawo wake wa kambini ulikuwa unga, kunde za njano na mafuta, samaki hakuna. Alinunua dagaa kidogo kuliko mimi na alilisha watu wengi kuliko mimi. Sombe yake, yaani kisamvu, aliitwanga pamoja na bilinganya, pilipili hoho na majani ya vitunguu, akaiacha ichemke na mawese, kisha akawavunjavunja dagaa kwa vidole ndani ya sufuria. Wageni walisema samaki ni wengi. Nikaona ni hesabu ileile ya mama yangu, yenye viungo zaidi.

Bei ndiyo iliyonirudisha. Dagaa wa Kigoma walipata jina: wanapakiwa kwenda Dar es Salaam, Kongo na Zambia, na anayekaa juu ya kilima anashindana na mnunuzi wa Kariakoo. Wachuuzi wakatuletea dagaa wa Mwanza kutoka Ziwa Viktoria, wa bei nafuu, ila wana mchanga na lazima uwaoshe mara kadhaa. Mwaka 2024 nchi za ziwani zikafunga uvuvi Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti ili samaki wazaliane. Sina ugomvi na uamuzi huo, maana samaki walikuwa wamepungua kweli. Lakini miezi ile mitatu ilimaliza ubishi wa kukaanga. Niliwachanganya wa Mwanza na wachache wa Kigoma niliowabakiza, nikakaanga bila mafuta, na mjukuu akasaga kwa blenda. Unga wa blenda ni laini mno kwa kisamvu, unapotea. Kwa maharage unafaa.

Kisha mkwe wangu wa Dar akanipigia simu. Amezoea kununua jodari wa kopo kwa ajili ya saladi ya Jumamosi, anamchambua kwa uma, anachanganya na viazi vya kuchemsha, mayai, kabichi iliyokatwa nyembamba na mayonezi kidogo. Makopo mawili, watu wanane. "Mama, watoto wanakua, kopo la tatu ni pesa. Mnafanyaje huko?" Nilimwambia viazi aviponde nusu na nusu aviache vipande, samaki ashike kwenye vile vilivyopondwa, kabichi aikamue kwa chumvi kwanza, ama sivyo maji yake yataosha ladha yote. Na kwenye basi nikampelekea kopo la unga wa dagaa, akoroge kijiko kwenye mayonezi kabla ya kuchanganya.

Watoto walilalamika harufu. Nikamwambia apunguze nusu na aongeze ndimu. Jumamosi iliyofuata akafungua kopo moja tu la jodari, na sasa anataka kisado kizima cha unga. Nimemwambia asubiri giza, bei ishuke.