Kusubiri Kompaila

Wapenzi wa vitabu mtanisamehe, leo nazungumzia kompyuta. Lakini vumilieni kidogo, kitabu kimo humu.

Mama yangu ni msomaji wa riwaya, na macho yake yamepungua nguvu. Programu huria anayosomea haikuzi herufi kiasi anachotaka; ikikuza, mistari inakatika pembeni. Kwa kuwa msimbo wake uko wazi, nikasema naurekebisha mwenyewe. Kikwazo kilikuwa kompyuta yangu ya mwaka 2011: memori GB 4, prosesa ya viini viwili. Kuikompaili programu nzima, iliyoandikwa kwa C++, kulikula dakika 50. Unabadilisha namba moja, unasonga ugali, unakula, unaosha vyombo, na bado!

Kompyuta mpya sina hela yake. Ikabidi nielewe muda unapotelea wapi.

Kukompaili ni kutafsiri. Kila faili hutafsiriwa peke yake kwenda lugha ya mashine, kisha zote zinaunganishwa kuwa kitu kimoja, kama sura za kitabu. Stuart Feldman, aliyeunda make pale Bell Labs mwaka 1976, aliliona hilo: make hutazama saa ya kila faili, na sura isiyoguswa haitafsiriwi tena. Ila kuna faili za heda, zinazosomwa na nyingine nyingi. Ukigusa moja, wote wanaoitegemea wanarudi jikoni. Ukubwa wa herufi ulikuwa umeandikwa humo humo. Nikauhamishia kwenye faili lake dogo.

Kisha nikaweka ccache, kazi ya Andrew Tridgell. Hii hutunza tafsiri za zamani, kwa hiyo hata ukifuta kila kitu ukaanza upya, au ukirudi kwenye toleo la jana, inakupa iliyokwisha kutafsiriwa.

Wengine watakwambia ongeza kazi zinazokwenda pamoja. Sawa, lakini memori ikijaa, mashine inaanza kuhamishia vitu kwenye diski, na diski ni polepole mno. Kwa viini viwili, -j2 inatosha. Na wakati wa majaribio natumia -O0, yaani kompaila isihangaike kunakshi msimbo. Nani anapiga msasa rasimu ya kwanza?

Sasa badiliko moja linachukua chini ya dakika. Faida yake si dakika tu, jamani. Zamani jioni nzima tulijaribu mara mbili, na Mama, kwa huruma, alikuwa anasema "inatosha, mwanangu" hata kama haitoshi. Siku hizi anakaa kando yangu na miwani yake, nabadilisha, anatazama, anakataa. "Ongeza." "Punguza kidogo." Ukweli wake naupata kwa sababu haumgharimu mtu usingizi.

Juzi alimaliza sura tatu kwa mkupuo. Akaniita: "Herufi sawa. Sasa hiyo nafasi ya kati ya mistari, nayo vipi?"