Ngeli ya Uwanjani

Hebu chukua karatasi uandike majina tuliyorithi ya watu wenye ulemavu. Kipofu. Kiziwi. Kiwete. Kilema. Yote yanaanza na ki-, kama kiti na kikombe. Mwalimu wa sarufi atakwambia usibabaike, kwani wanaotajwa ni viumbe hai na ndiyo maana tunasema "kiwete amekuja", hatusemi "kiwete kimekuja". Sawa. Lakini jina limeshasema lake kabla kitenzi hakijafika.

Jambo hili limenikaa kichwani tangu mdogo wangu alipokatwa mguu wa kulia, chini kidogo ya goti, baada ya ajali ya pikipiki. Alikuwa na miaka ishirini na mbili. Mtaani kwetu Sokomuhogo alijulikana kwa mguu wa kushoto: winga, mwembamba, mbishi, hapendi kutoa pasi. Aliporudi nyumbani, jina lake likaanza kupotea. Wageni waliokuja kutupa pole walikaa ukumbini wakamuuliza mama, "Anakula?" Na yeye amekaa palepale, anawasikia. Bibi yetu alikuwa akirudia methali moja tu, "Hujafa hujaumbika." Methali nzuri, naiheshimu. Lakini itazame vizuri inazungumza na nani. Inamzungumzia yule mwenye miguu miwili, imtie hofu na adabu. Mwenye mguu mmoja humo ndani ni mfano tu wa kuwafundishia wengine.

Akapata mguu wa bandia. Akajifunza kuutumia kwa tabu, na alipouzoea akaanza kuvaa suruali ndefu hata ndani ya nyumba, kwenye joto la Februari. Baraza za mtaani, ambako zamani alikuwa hasogei mpaka adhana ya magharibi, hakuzitaka tena.

Aliyemtoa ndani ni kijana mmoja wa Ng'ambo, naye mguu mmoja, aliyekuja kumwambia kwamba Jumamosi jioni wapo wachache wanaocheza mpira kwa magongo. Mdogo wangu alikataa mara tatu. Mara ya nne akaniambia, "Dada, twende, lakini tukae mbali."

Hatukukaa mbali. Kitu cha kwanza nilichokiona pale uwanjani ni miguu. Ilikuwa imepangwa pembeni ya mstari, karibu na chupa za maji na makubadhi: miguu ya bandia minne, mmoja bado una soksi. Sheria za mchezo huu hazimruhusu mchezaji kuvaa mguu wa bandia. Anayeingia anaingia na mguu wake mmoja na magongo mawili. Yaani kile ambacho mdogo wangu alikificha mwaka mzima ndani ya suruali ndefu, hapa ndicho kilichokuwa tiketi ya kuingilia. Alisimama kidogo. Kisha akakaa chini, akaufungua mguu, akauweka kwenye safu pamoja na mingine.

Nilirudi nyumbani nikausoma mchezo wenyewe. Kila upande una wachezaji saba. Wa ndani wana mguu mmoja, na mlinda mlango ana mkono mmoja na haruhusiwi kutoka kwenye eneo lake. Vipindi ni viwili, dakika 25 kila kimoja. Hakuna kuotea. Gongo linahesabiwa kama mkono: ukiupiga mpira kwa gongo makusudi, umecheza faulo. Inasimuliwa kwamba ulianza Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa bwana mmoja wa Seattle, Don Bennett, aliyekuwa amepoteza mguu na akaupiga mpira akiwa juu ya magongo yake. Kutoka hapo ukasambaa hadi nchi zilizojua vita. Sierra Leone na Liberia waliucheza vijana waliokatwa viungo vitani. Angola, nchi iliyotegwa mabomu ya ardhini kwa miaka mingi, ilitwaa Kombe la Dunia mwaka 2018 kule Mexico.

Na sisi tumo. Mwishoni mwa mwaka 2021 mashindano ya Afrika yalichezwa Dar es Salaam, na timu ya taifa ya Tanzania, Tembo Warriors, ikakata tiketi ya Kombe la Dunia. Oktoba 2022 ilikuwa Istanbul, Uturuki, na ikafika robo fainali. Nawauliza wapenzi wa mpira mnaosoma hapa: ni timu gani nyingine ya Tanzania ya mpira wa miguu, ya wakubwa, wanaume, mliyoiona kwenye robo fainali ya Kombe la Dunia? Na bado, ukiitaja Tembo Warriors kijiweni, watu wanatikisa kichwa na kusema, "Mashaallah, wamejitahidi." Kujitahidi! Timu inafika robo fainali ya dunia inapewa sifa ya mtoto aliyemaliza uji.

Tatizo jingine ni kwamba mchezo wenyewe hauna jina. Ukisema "mpira wa magongo", msikilizaji anafikiria hoki, na ana haki, maana jina hilo lina mwenyewe tangu zamani. Magazeti yanaandika "soka la walemavu" au "soka kwa wenye ulemavu". Lakini viziwi nao wanacheza soka, na wasioona wana lao, na ni michezo mitatu mbalimbali. Soka la wasioona, kwa mfano, lina mpira unaolia kwa ndani, kipa anayeona, na kanuni moja ambayo sisi watu wa maneno tungepaswa kuipenda: anayemwendea mwenye mpira lazima atamke "voy", neno la Kihispania, yaani "naja". Usipotamka, ni faulo. Huko kusema ni sehemu ya sheria. Michezo yote hii tumeifunga furushi moja tukaiandika "walemavu", kama mtu anayeita nazi, embe na fenesi "vitu vya shambani".

Sasa nirudi kwenye ngeli. Nilidhani nimepata kisa kizuri: mitaani mtu ni ki-, uwanjani anahamia m-. Kiwete anakuwa mchezaji, mshambuliaji, mfungaji. Nikaandika hivyo, nikafurahi, nikamsomea mdogo wangu. Akanitazama akasema, "Na kiungo je? Na kiongozi? Na kijana?" Kweli. Kiungo ndiye moyo wa timu, na ni ki-. Nao viziwi hawakulikimbia jina lao: Chama cha Viziwi Zanzibar kinajiita hivyohivyo, bila haya. Kwa hiyo silaumu kiambishi. Ninachouliza ni kama jina linataja kile ambacho mtu hana, au kile anachokifanya. "Kiwete" linahesabu kilichopungua. "Kiungo" linakwambia mtu huyu kazi yake nini, na ukishajua kazi yake unaweza kumdai.

Kumdai ndiko hasa. Wiki za mwanzo watazamaji walipiga makofi kwa kila kitu. Mtu akianguka, makofi. Akiupiga mpira nje, makofi. Niliyaita makofi ya sadaka, maana yalitolewa bila kuangalia mchezo. Wachezaji waliyapokea kwa adabu, na hakuna aliyeyafurahia. Lakini watu wa Unguja wakikaa mbele ya mpira hawawezi kuwa wapole muda mrefu. Pole pole watoto wakazijua sheria. Siku moja beki aliuzuia mpira kwa gongo ndani ya eneo la hatari, refa hakuona, na watoto wote wakanyanyuka wakipiga kelele, "Gongo! Gongo! Refa, gongo!" Hakuna aliyewafundisha. Walikuwa wamepata neno lao, kama wengine wanavyosema "mkono!"

Penalti ikatolewa. Mdogo wangu akaiweka chini, akasimama juu ya magongo yake, akapiga juu ya lango. Juu kabisa. Kimya. Mikono miwili mitatu ikaanza yale makofi, na mzee mmoja aliyekuwa amekaa kwenye baiskeli yake akalipuka, "Makofi ya nini? Winga bure kabisa huyu! Mtoeni!"

Usiku ule mdogo wangu alikula wali sahani mbili. Alimsimulia mama penalti yote, upepo, lile bonde karibu na nukta, na yule mzee. Lile neno "winga" alilirudia zaidi ya mara moja.

Sitaki msomaji aondoke akidhani mpira umetibu kila kitu. Sheria tunazo. Zanzibar ilitunga sheria ya haki na fursa za watu wenye ulemavu mwaka 2006, na Tanzania iliridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 30 kinataja michezo kwa jina. Lakini kutoka Sokomuhogo mpaka uwanjani kuna ngazi za mlangoni kwetu, kuna vichochoro vinavyoteleza mvua ikinyesha, kuna vespa zinazotokea pembeni bila honi, kisha daladala. Utingo akiona magongo anahesabu muda atakaopoteza, anagonga bodi, gari inaondoka. Mdogo wangu anasema dakika hamsini za mechi ndizo nyepesi, mechi ngumu ni ya kufika. Mwenye kiti cha magurudumu hata hiyo hawezi kuianza: Mji Mkongwe umo kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na kila mgeni anausifia uzuri wa milango yake, lakini kizingiti cha mlango huohuo kinamzuia mwenyeji ndani.

Hayo yana wenyewe wa kuyashughulikia, na waulizwe. Sisi tunaoandika tuna sehemu yetu. Nimechoka kukutana na "licha ya ulemavu wake" katika sentensi ya kwanza ya kila habari. Mwandishi anayeanza hivyo ameshatoa makofi ya sadaka, na mechi hajaitazama. Andika matokeo kwanza. Andika nani alifunga, dakika ya ngapi, nani alilala. Mguu tutauona wenyewe.

Mimi nitaanza hivi. Jumamosi iliyopita walitoka sare, 2–2. Bao la kwanza lilikuwa shuti la mbali lililomponyoka kipa. La pili lilitokana na kona mbaya iliyopita mbele ya mabeki wawili, kila mmoja akimwachia mwenzake. Kiungo wa upande wa pili alikuwa bora kuliko wote. Winga wa kushoto, ambaye ni ndugu yangu, bado hatoi pasi.