Makazi ya Wazee katika Miji ya Iringa na Mbeya

Msafiri atokaye pwani huijua Iringa kwa baridi yake kabla hajaiona. Gari likishapita Ipogolo, penye mto Ruaha Mdogo, hupanda mlima kwa mizunguko mpaka juu ulikokaa mji. Wajerumani waliujenga mwishoni mwa karne ya 19, zama za vita vyao na Mtwa Mkwawa, na jina lake latokana na neno la Kihehe lilinga, maana yake ngome. Kisha zikajengwa nyumba za Kiswahili: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na ua nyuma.

Nyumba hizo sasa zaondoka. Ukipita Miyomboni, au Kitanzini ambako wazee hulihusisha jina na kitanzi cha Wajerumani, utaona mabati yenye kutu yakiteremshwa na ghorofa za maduka zikipanda mahali pake. Mimi sina ugomvi na ghorofa. Matofali ya udongo huchoka, na mji haukatazwi kujitengeneza. Ninaloliuliza ni moja: yule mzee aliyekuwa akiketi barazani amekwenda wapi?

Mara nyingi jibu limo katika mirathi. Baba afariki, aacha mjane na watoto sita. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani sehemu moja katika nane. Hakuna mrithi awezaye kuwalipa wenzake, basi nyumba huuzwa, pesa zikagawanywa kwa haki, na hapana aliyedhulumiwa. Lakini thumni ile haimnunulii mama hata chumba kimoja katika mtaa alioishi miaka arobaini. Huchukuliwa na mwanawe, akakae kwake nje ya mji ambako viwanja bado ni rahisi.

Nilimkuta bibi mmoja wa namna hiyo, nikamwamkia, nikamwuliza hali. Akanijibu: “Mwanangu hanitesi, mwalimu. Nala, nalala. Lakini tangu Ijumaa hadi Ijumaa simwoni mtu wa rika langu wa kuniitikia salamu.” Mtoto ashinda kazini, wajukuu wako shuleni, naye abaki na kuku.

Kutoka Iringa gari hupita misitu ya misonobari ya Mafinga, kisha Makambako, likateremka Igawa na Chimala katika bonde la Usangu, ndipo lipande tena hadi Uyole na Mbeya. Mji huu ni mdogo kwa umri kuliko Iringa. Ulianza mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, na barabara zake zimelala juu ya mteremko chini ya mlima Loleza. Kijana haoni taabu. Mwenye magoti ya miaka sabini huhesabu kila hatua. Soko la Mwanjelwa liliungua mwaka 2006, likajengwa jipya la ghorofa, na mitaa ya jirani nayo yabadilika. Niliingia katika jengo moja jipya la kupangisha: vyumba vizuri, vigae vyang'aa, lakini ngazi ni kali na lifti hakuna. Vigae vile vikilowa maji, kwa mzee ni mtego.

Basi fikira yangu ni hii. Pale nyumba kuu kuu inapobomolewa na ghorofa kujengwa, vyumba vya chini, upande wa uani, vitengwe viwe makao kamili ya wazee: kila mmoja na mlango wake, jiko lake, choo chake, na ufunguo mkononi mwake. Warithi waweza kupatana na mjenzi kwamba mama, badala ya kupewa thumni kwa fedha, apewe makao hayo yawe yake. Sheria ya mwaka 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo yaruhusu mtu kumiliki sehemu moja ndani ya jengo na kuwa na hati yake.

Wapo watakaoniambia kuwa huku ni kuwatupa wazazi, kwani Kurani katika Suratu Bani Israil yataja wazazi wanaofikia uzee wakiwa kwetu. Ni kweli, na Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 nayo yaiweka familia mbele, na makao ya kutunzia wazee iwe njia ya mwisho. Lakini mama anayeishi hatua mia moja kutoka msikitini, katika mtaa ambao wanawe wapita kila siku kwenda sokoni, ametupwa? Na yule wa nje ya mji, afunguliwaye mlango jioni tu, yu pamoja na nani? Baada ya Mapinduzi ya mwaka 1964 serikali ya Unguja iliwatengea wazee nyumba Sebleni, si porini bali mjini, hata mtaa ukaitwa Sebleni kwa Wazee. Na huko Kairo, mwaka 1285, binti wa Sultani Baibars alijenga ribati iliyowapa makazi wanawake walioachwa na waume zao, nayo ikakaa katikati ya mji miaka mingi.

Kuhusu ujenzi wenyewe, bara hii ya juu ina mambo yake. Mwezi wa Juni na Julai jua hupita upande wa kaskazini, na ndio wakati wa baridi kali. Dirisha kubwa na baraza vikielekea kaskazini, mzee huota jua bila kuwasha moto. Tena kibla chetu, Iringa na Mbeya, ni kaskazini kwa kuegemea mashariki kidogo. Hivyo ukuta ule ule umpao joto ndio umwoneshao pa kuelekea katika sala. Jambo hili lina uzito, kwa kuwa jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa huua watu usingizini, na anayeona baridi hufunga kila tundu.

Mlango uwe na upana wa sentimeta 90 ili kiti cha magurudumu kipite, wala usiwe na kizingiti. Choo kiwe cha kukaa, na chuma cha kushikia ukutani. Sakafu iwe ya saruji iliyokwaruzwa. Katika mji wa Augsburg, Ujerumani, tajiri Jakob Fugger aliwajengea maskini mtaa mwaka 1521, unaokaliwa hata leo kwa kodi isiyofika Euro moja kwa mwaka. Huko vipini vya kengele za milango vina maumbo mbalimbali, ili mtu aujue mlango wake gizani kwa kupapasa. Fundi wetu wa chuma ashindwa na hilo?

Kwa wazee wasio na warithi wala thumni, njia ni wakfu. Maduka mawili ya mbele yakiwekwa wakfu, kodi yake italipa maji, mlinzi na matengenezo ya vyumba vya nyuma. Sharti ni kwamba wadhamini wasajiliwe RITA na masharti ya wakfu yaandikwe wazi, nani akae na nani asimamie hesabu, kabla ya tofali la kwanza kuwekwa.