Tanga hadi Pemba kwa ndege ndogo

Familia nyingi za Tanga zina ndugu Pemba, na msiba hausubiri: mara nyingi maziko hufanyika siku hiyohiyo. Jahazi huchukua saa nyingi na hutegemea upepo. Ndege ndogo aina ya Cessna Caravan, kama zile za Auric Air, huvuka bahari hiyo kwa chini ya nusu saa. Nauli yake si ya kila wiki, hivyo mzazi, weka akiba kidogokidogo kabla haja haijafika. Mizigo hupimwa, chukua begi laini, si sanduku gumu. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupakatwa. Mkubwa mkalishe dirishani: ndege haipandi juu sana, ataona mikoko, matumbawe na ngalawa za wavuvi.