Risiti ya Vita



Leo tuongee hesabu za vita. Nchi ikiisaidia nyingine kupigana, msaidizi anarudishiwa na nani gharama zake?

Wazungu wamelijibu swali hili kwa makaratasi. Machi 2021 Umoja wa Ulaya ulianzisha mfuko uitwao European Peace Facility, yaani mfuko wa amani. (Jina amani, kazi silaha... haya, tuyaache.) Kila mwanachama anachangia kulingana na uchumi wake. Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, mfuko ukapata kazi kubwa. Nchi inatoa silaha ghalani kwake, inazipeleka Ukraine, kisha inapeleka madai Brussels irudishiwe sehemu ya gharama. Kufikia Machi 2024 ukomo wa mfuko ulikuwa umepandishwa hadi zaidi ya euro bilioni 17.

Msidhani huko hakuna ugomvi. Mwaka 2023 baadhi ya wanadiplomasia waliilalamikia Estonia kwamba inatoa silaha kuukuu halafu inadai bei ya mpya. Estonia ikajibu kwamba imefuata taratibu. Hungary nayo ikagoma kuidhinisha malipo, mabilioni yakakwama.

Utaniuliza, sisi watu wa Ukata yanatuhusu nini? (Ndiyo, kuna kata inaitwa Ukata, wilayani Mbinga. Nikiitaja Dar watu wanacheka, wanadhani nataka kukopa.)

Yanatuhusu sana. Ukishuka ziwani hadi Mbamba Bay, ukaambaa na ufuko wa Nyasa kwenda kusini, unafika Chiwindi, na mbele yake ni Msumbiji. FRELIMO ilizaliwa Dar es Salaam Juni 1962, na Septemba 1964 ikaanza vita dhidi ya Wareno. Waratibu walikuwepo: Kamati ya Ukombozi ya OAU, iliyoundwa mwaka 1963 ikiwa na nchi 9 na makao yake Dar. Kuanzia 1972 hadi ilipofungwa mwaka 1994, katibu mtendaji wake alikuwa Hashim Mbita. Kamati ilikusanya michango ya nchi za Afrika, ikapokea misaada ya nje na kuigawa kwa vyama vya ukombozi. Silaha za Wachina na Warusi zilipitia kwetu.

Kwa hiyo kuratibu tulijua kabla ya Brussels. Kilichokosekana ni kurudishiwa. Nchi nyingi zilichelewesha michango yao mwaka hadi mwaka, na Tanzania, maskini vilevile, ikaendelea kutoa ardhi ya makambi Kongwa na Nachingwea, na njia za kuvukia mpaka.

Na gharama haikuishia Hazina. Wakimbizi wa Msumbiji walipokelewa Lundo, hukuhuku ufukoni mwa Nyasa, na Muhukuru kule Songea. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wageni hawa walipewa jembe pamoja na shamba la kulimia. Vijiji vya mpakani vilishambuliwa na ndege za Wareno, na mabomu ya ardhini yakaua watu njiani. Nani aliandika madai ya mguu uliokatika? Yalipelekwa ofisi gani?

Msumbiji ikapata uhuru Juni 25, 1975. Tukashangilia, tukaenda shamba.

Halafu vita vikarudi, safari hii Cabo Delgado, mwaka 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Mto Ruvuma wakaua watu Kitaya, mkoani Mtwara. Julai 2021 Rwanda ilipeleka askari, na SADC ikapeleka kikosi chake, Tanzania ikiwemo. Na safari hii hundi imekuja! Mfuko uleule wa Ulaya uliipa SADC euro milioni 15 mwaka 2022, na Rwanda milioni 20 mwaka huohuo, kisha milioni 20 nyingine mwaka 2024. Hata hivyo kikosi cha SADC kiliondoka mwaka 2024, huku uhaba wa fedha ukitajwa miongoni mwa sababu.

Sisemi tuidai Msumbiji. Undugu hauna ankara, na mzee wa kwetu utamtukana ukimpa. Lakini kusamehe deni ni jambo moja, na kusahau kwamba uliwahi kutoa ni jambo jingine. Estonia inakumbuka kila kombora kwa sababu iliandika. Sisi tuna vitabu 9 vya mradi wa SADC uliopewa jina la Hashim Mbita, vilivyotoka mwaka 2014. Ni kazi kubwa. Ila nenda Mbinga, uliza ni shule ngapi zinavyo.

Wazee waliogawana debe la mahindi na wakimbizi wa Lundo wanaondoka mmoja mmoja. Sisi wenye simu za kurekodi tumekaa mjini tunabishana kuhusu Ukraine, na naisema hiyo kwa sababu mimi ni mmojawao. Risiti yao pekee ni sisi kuwauliza na kuandika.

Wewe, bibi yako alitoa nini?